Elimu ya fedha kwenye sekondari za serikali: somo la peke yake, ndani ya Hisabati na Biashara, klabu ya akiba, au mgeni wa benki?

Kikao cha bodi ya shule kikifika kwenye "mengineyo", siku hizi hakikosi mzazi wa kusimama na kuuliza: hawa watoto mbona hamuwafundishi habari za pesa? Ana sababu. Kijana anamaliza kidato cha nne akiwa na uwezo wa kutaja sifa tano za mfanyabiashara bora, halafu anapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" na anatuma kweli. Kila Jumamosi anapanga mkeka wa mpira, yaani kubeti, kwa pesa ya nauli. Nyumbani mama yake anakimbizana na marejesho ya kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, na hakuna mtu katika familia aliyewahi kukaa chini na kalamu kupiga hesabu ya kile kinacholipwa.

Swali ni jepesi kuliko jibu. Njia za kufundisha elimu hii shuleni ziko nne, na shule ya serikali yenye walimu pungufu na ratiba iliyojaa haiwezi kuzibeba zote. Nimezishindanisha hapa kwa ajili ya wakuu wa shule, walimu wa taaluma na wajumbe wa bodi ambao lazima waamue. Mfano wangu mkuu ni sekondari za Tanzania Bara. Nchi nyingine nimezitaja pale tu ambapo kuna mtu aliyepima matokeo badala ya kupiga picha za uzinduzi.

Elimu ya Biashara haijamaliza kazi

Wapo watakaosema mjadala umeshafungwa. Mtaala uliotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, umeifanya Elimu ya Biashara kuwa somo la lazima katika mkondo wa jumla, na kidato cha kwanza cha Januari 2025 ndicho kilichoanza nalo. Zamani Commerce na Book-keeping yalikuwa masomo ya kuchagua, na shule nyingi za kata hazikuwa na mwalimu wake hata mmoja. Ni hatua kubwa, sibishi.

Ila biashara ni jambo moja na pesa za mtu binafsi ni jambo jingine. Biashara inamuuliza mwanafunzi: mtaji utautoa wapi, utauza nini, utampata vipi mteja? Fedha binafsi inamuuliza maswali ya mtu ambaye huenda hatauza kitu maishani mwake. Mshahara ukishakatwa kodi ya PAYE, asilimia 10 ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo kwa aliyekopa chuoni, kinabaki kiasi gani cha kodi ya chumba? Mkopo huu wa kwenye simu unanigharimu nini kwa siku? Benki ikifilisika, akiba yangu nalipwa na nani? (Bodi ya Bima ya Amana, hadi shilingi milioni 7.5. Ukiitaja hii kwenye ofisi ya walimu utaona vichwa vikiinuka kutoka kwenye madaftari.)

Na tuna ushahidi wa hapa nyumbani kwamba kuhamasisha biashara peke yake kunaweza kumgeukia mwanafunzi. Mwaka 2011 kipindi cha televisheni cha Ruka Juu, cha shirika la Femina Hip, kiliwaonyesha vijana wakishindana kwa biashara zao. Watafiti wa chuo cha uchumi cha NHH cha Norway wakakipima kwa wanafunzi wa kidato cha nne wa Dar es Salaam: baadhi ya shule zilihamasishwa kukitazama, nyingine hazikuhamasishwa. Hamu ya kufanya biashara ilipanda. Matokeo ya masomo yakashuka. Mtoto akiambiwa kila siku kwamba utajiri uko mtaani, ataanza kuiona shule kama foleni. Hili ni la kukumbuka kila anapokuja mhamasishaji mwenye kipaza sauti.

Njia ya kwanza: somo la peke yake

Hii ndiyo inayopigiwa makofi zaidi, na Marekani ndiko ilikojaribiwa kwa muda mrefu. Jimbo la Utah liliwataka wahitimu wa sekondari kuanzia wale wa 2008 wawe wamesoma somo la fedha binafsi kwa nusu mwaka. Florida ilipitisha sheria kama hiyo 2022. California ikafuata 2024, na huko somo litakuwa sharti la kuhitimu kwa darasa la 2030–31.

Matokeo yake? Hapo ndipo watu huchagua utafiti unaowapendeza. Shawn Cole na wenzake walipochunguza majimbo yaliyoanza mapema hawakuona tofauti yoyote kwa waliolazimishwa kusoma fedha binafsi. Walichokiona ni kwamba waliosoma Hisabati zaidi ndio walioshughulika na madeni yao vizuri zaidi. Carly Urban na wenzake wakaja baadaye wakaangalia Georgia, Idaho na Texas, ambako masharti yalikuwa mapya na ya kueleweka, nao wakakuta vijana wakichelewesha madeni kwa uchache kuliko wa majimbo jirani. Ukizisoma tafiti hizo pamoja, jina la somo kwenye ratiba halikuwa na uzito mkubwa. Kilichokuwa na uzito ni nani anafundisha na je, kuna anayepima.

Hapo ndipo sisi tunapokwama. Somo lisilotoka kwenye mtihani wa taifa wa NECTA hatima yake inajulikana na kila aliyewahi kukaa ofisi ya taaluma: vipindi vyake vinaazimwa na Fizikia, kisha vinaazimwa na Hisabati, na kufikia mock hakuna anayekumbuka vilikuwa siku gani. Kenya nayo imetuonyesha upande mwingine wa hatari hii. Masomo ya sekondari ya chini yalipoonekana mengi mno na kupunguzwa hadi 9 mwaka 2024, Biashara haikubaki na jina lake. Iliingizwa ndani ya Pre-Technical Studies. Somo changa ndilo la kwanza kumezwa.

Halafu kuna jambo la mamlaka. Shule haianzishi somo. Bodi ya shule haina uwezo huo, wala mkuu wa shule, wala afisa elimu wa wilaya. Anayelidai somo la peke yake aende Taasisi ya Elimu Tanzania au kwa mbunge wake. Kwenye kikao cha shule atapewa pole tu.

Njia ya pili: kuichomeka ndani ya masomo yaliyopo

Rwanda imefanya hivi kwa maandishi. Mtaala wake wa umahiri wa 2015 uliorodhesha mambo manane yanayopaswa kupita ndani ya masomo yote, na elimu ya fedha ni mojawapo, sambamba na mazingira, jinsia, amani na historia ya mauaji ya kimbari. Juu ya hapo Ujasiriamali ni somo la sekondari nchini kote. Watafiti walipowapa walimu wa Ujasiriamali mafunzo ya ziada na usaidizi wa karibu katika shule zipatazo 200, ufundishaji ulibadilika na vijana wengi zaidi wakaingia kwenye biashara ndogondogo, ingawa alama zao za mitihani hazikusogea.

Brazili ndiyo yenye jaribio kubwa kuliko yote ninayoyajua. Kati ya 2010 na 2011, sekondari za umma 892 katika majimbo sita, zenye wanafunzi wapatao 25,000, ziliingizwa kwenye utafiti. Nusu zilipewa vitabu vyenye visa vya pesa vilivyopangwa kupita ndani ya Hisabati, Kireno, Jiografia na masomo mengine. Hakuna somo jipya lililoongezwa. Wanafunzi wakajua zaidi, wakaweka akiba zaidi kidogo, wakawa wanazungumza na wazazi kuhusu bajeti ya nyumbani. Lakini pia wakaanza kununua zaidi kwa malipo ya awamu! Waliojifunza jinsi mkopo unavyofanya kazi walikwenda kukopa. Watafiti walipowafuatilia tena baada ya miaka tisa, picha ilikuwa imegeuka: mikopo ya gharama kubwa waliitumia kwa uchache na hawakuchelewesha madeni kama wenzao. Mwalimu atakayeona wanafunzi wake wanaanza kwa kukosea asikate tamaa haraka.

Kwa shule zetu hii ndiyo njia yenye mizizi tayari. Muhtasari wa Hisabati uliotumika kwa miaka mingi ulikuwa na uwiano, faida na hasara katika kidato cha kwanza, na mfuatano na mkusanyiko wa namba katika kidato cha tatu, ambako ndiko riba inayozaa riba huingia. Kidato hicho hicho kilikuwa na mada nzima ya Accounts. Kwa hiyo hesabu ya pesa ipo siku zote, tatizo ni kwamba imevaa nguo za kigeni: Bwana fulani anaweka benki shilingi 5,000 kwa asilimia 4 kwa mwaka, tafuta riba. Hakuna mtu darasani anayemjua bwana huyo.

Mwalimu abadilishe swali tu, mada abaki nayo. Hili ni moja ninalolipenda. Mama amekopa shilingi 200,000. Anarejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Riba ni asilimia ngapi?

Darasa litajibu haraka: amelipa 260,000, ziada ni 60,000, kwa hiyo asilimia 30. Sawa, lakini sasa waulize: hizo 200,000 alikaa nazo kwa siku ngapi? Siku ya 13 ameshazirudisha 130,000. Kwa wastani, katika kipindi chote mkononi mwake kulikuwa na kama 100,000 tu, na kwa hiyo 100,000 amelipa 60,000. Ukiikokotoa vizuri ni karibu asilimia 2 kwa siku. Na kama alikatwa 10,000 ya fomu kabla ya kukabidhiwa pesa, ni zaidi. Kisha andika ubaoni kwamba Benki Kuu imekuwa ikiwaelekeza watoa huduma ndogo za fedha, wale wanaosimamiwa na sheria ya 2018, wasivuke asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 200,000 hiyo ni shilingi 7,000. Acha 7,000 na 60,000 zikae ubaoni hadi kengele ilie. Hakuna mahubiri yanayohitajika baada ya hapo, na wengine watakwenda kulirudia swali hilo nyumbani jioni hiyo hiyo.

Kipindi kimoja hicho kimefundisha asilimia, wastani na kusoma mkataba, na hakijaiba hata dakika moja ya ratiba. Swali la upatu wa mtandaoni linaingia vilevile kwenye mfuatano wa namba: kila mtu alete watu watano, nao walete watano, ngazi ya kumi na mbili inahitaji watu zaidi ya milioni 244, na Tanzania nzima haina watu hao. Waliochangia upatu wa DECI kabla haujafungwa mwaka 2009 wangelipenda swali hilo mapema.

Udhaifu upo, na ni mkubwa. Kitu kilichoachiwa walimu wote hakina mwenyewe. Mwalimu wa Hisabati atasema ni kazi ya Biashara, wa Biashara atasema hesabu si yake. Pili, kwa miaka mingi watahiniwa walio wengi wamekuwa wakifeli Hisabati ya kidato cha nne, sasa ukilificha somo la pesa ndani ya somo linaloogopwa, wale wanaolihitaji zaidi ndio watakaolikosa. Tatu, lugha. Sekondari inafundisha kwa Kiingereza, ilhali menyu ya simu, ujumbe wa Songesha (mkopo wa M-Pesa), karatasi ya kausha damu na maelezo ya wakala vyote viko kwa Kiswahili. Mwanafunzi anajifunza kukokotoa principal na interest halafu maishani anakutana na rejesho, dhamana, makato na tozo. Mwalimu mwenye busara anaandika maneno yote mawili ubaoni, mtihani usimnyime alama na maisha yasimwibie pesa.

Njia ya tatu: klabu ya akiba

Hapa pesa ni za kweli, na ndipo uzuri na hatari vinapokaa pamoja.

Nchini Uganda, Dean Karlan na Leigh Linden walijaribu akiba katika shule za msingi 136. Shule nyingine ziliahidi kwamba akiba mwisho wa muhula itatolewa kama vocha ya mahitaji ya shule tu. Nyingine zilitoa taslimu. Ungedhani vocha ndiyo yenye nidhamu. Ilikuwa kinyume: watoto waliweka zaidi walipojua watapewa taslimu, na pale ambapo wazazi walikuwa wameitwa na kuelezwa, watoto walinunua vifaa vya shule na alama zao zikapanda. Fundisho kwa mlezi wa klabu liko wazi. Usiifunge akiba kwa minyororo mingi, na mkutano wa wazazi usiuruke.

Ghana wamejaribu katika shule 135, kwa visanduku vya akiba vilivyokaa shuleni. Akiba ya shuleni iliongezeka. Lakini katika kundi lililofundishwa fedha tupu, bila mazungumzo ya haki na wajibu wa mtoto, watoto walianza kufanya kazi za kipato zaidi. Mwambie mtoto asiye na pesa aweke akiba, naye atakwenda kuitafuta. Katika kata ya wavuvi au wachimbaji wadogo wa dhahabu hilo si jambo la kuandika kwa wino mwepesi.

Kwetu klabu ina faida ambayo njia nyingine hazina: inaendeshwa kwa Kiswahili, mchana, bila mtihani, na kijana anayekaa kimya kwenye kipindi cha Kiingereza ghafla ndiye mweka hazina. Watoto wengi wameshaona VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa vya mama zao: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hesabu inasomwa kwa sauti mbele ya wote kabla ya sanduku kufungwa. Utaratibu huo uchukuliwe kama ulivyo, ni mzuri. Kitu kimoja tu kiachwe: kukopeshana. VICOBA hukopeshana kwa riba; wanafunzi wasikopeshane hata kidogo, kwa sababu siku mmoja atakaposhindwa kulipa, ugomvi utahamia bwenini.

Kikwazo kikubwa ni pesa kukaa shuleni. Tangu elimu bila ada ianze 2016, pesa yoyote inayokusanywa kwa mwanafunzi inaangaliwa kwa jicho la mchango haramu, na mwalimu mlezi mwenye nia njema anaweza kujikuta anaandika barua ya kujieleza. Klabu ianze kwa muhtasari wa kikao cha bodi wenye sahihi, iwe ya hiari kwa maandishi, kiasi cha juu kwa wiki kiwe kidogo ili mtoto wa mkulima asiaibike mbele ya mtoto wa mfanyabiashara, na mwalimu asishike ufunguo peke yake. Akaunti ya simu haifai, kwani wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni. Kama tawi la benki liko karibu, pesa zipelekwe huko kila mwisho wa mwezi.

Shule nyingi tayari zina klabu ya Fema, ya Femina Hip ile ile, na nyingine zina klabu za kodi za TRA, Mamlaka ya Mapato. Kabla ya kuanzisha klabu ya tano yenye katiba na mwenyekiti, ziangalie hizo. Mara nyingi kinachohitajika ni kuwapa kazi mpya watu waliokwisha kukusanyika.

Njia ya nne: mgeni kutoka benki

Hii haigharimu shule chochote. Wanakuja na fulana, kalamu, pengine na madawati kumi, wanazungumza saa moja na nusu, picha inapigwa, wanaondoka. Wanafunzi hufurahi kweli na sitaki kuwadharau: kuna wakati sura mpya inasikika kuliko ya mwalimu aliyezoeleka.

Lakini mgeni amekuja kuuza. NMB, kwa mfano, ina akaunti ya Chipukizi kwa vijana wa miaka 13 hadi 17, na hakuna ubaya mwanafunzi kuifungua akiwa na mzazi wake. Ubaya ni kufikiri kwamba kufungua akaunti ndiyo elimu ya fedha. Mgeni wa benki hatakueleza kwa hiari yake kwamba hati fungani za serikali zipo, au kwamba Umoja, mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa UTT AMIS, umekuwepo tangu 2005. Mgeni wa kampuni ya simu hatapiga hesabu ya overdrafti, yaani kutumia zaidi ya salio, kwa mwaka.

Halafu hotuba husahaulika. Fernandes, Lynch na Netemeyer walikusanya tafiti 201 mwaka 2014 wakakuta athari ya elimu ya fedha kwenye matendo ya watu ni ndogo mno, na kwamba hata mafunzo ya saa nyingi hufifia baada ya miezi ishirini hivi. Ikiwa saa nyingi zinafifia, saa moja na nusu ya mchana wa joto inafika wapi?

Ushauri wangu ni kumpa mgeni mada badala ya kumwachia achague. Mwandikie barua kabla: tunaomba utueleze makato yote ya akaunti yako kwa mwaka mzima, na mteja akichelewesha mkopo wenu nini hutokea. Atakayekubali barua hiyo anafaa kuja. Wageni wasiouza kitu wapo pia: Benki Kuu ina matawi Arusha, Mwanza, Mbeya, Mtwara, Dodoma na Zanzibar, na Wizara ya Fedha ina programu yake ya elimu ya fedha kwa umma iliyoanza 2021/22. Wiki ya Huduma za Fedha imeshafika Mwanza, Arusha na Mbeya; ikija mkoani kwenu, peleka kidato cha tatu.

Jambo moja ambalo vitabu vya nje havina

Tanga, Lindi, Unguja, Pemba, Mombasa na kwingineko pwani, mwalimu atakayesimama na kusema "weka pesa benki upate riba" atapoteza nusu ya darasa hapo hapo, na hawatamwambia. Kwa Mwislamu riba ni haramu, awe anaipokea au anaitoa. Somo la fedha lazima liwe na mlango wa pili tangu mwanzo: kununua na kuuza kwa faida iliyotajwa, ubia wa kugawana faida na hasara, sukuk (hati fungani zisizo na riba). Amana Bank inafanya kazi kwa misingi hiyo nchini tangu 2011. Hesabu yake inafundishika ndani ya Hisabati ile ile, na mwanafunzi Mkristo naye anafaidika kwa kulinganisha gharama za aina mbili za mkataba. Njia ya pili na ya tatu zinabeba jambo hili kirahisi kwa sababu mwalimu anawajua wanafunzi wake. Mgeni wa benki ya kawaida hulikwepa.

Zikiwekwa pamoja

Kwa gharama, mgeni ni bure, Hisabati inahitaji walimu wawili watatu kukaa mchana mmoja kubadilisha maswali, klabu inahitaji mlezi mwenye moyo, na somo la peke yake linahitaji taifa zima. Kwa kudumu, Hisabati na Biashara zinashinda kwa sababu mtihani unazilinda mwalimu akihama. Klabu hufa mlezi akihamishwa, na hilo ndilo kovu lake kubwa. Kwa kugusa pesa za kweli, klabu haina mpinzani. Kwa kumfikia kila mwanafunzi, klabu ni dhaifu, maana wanaojiunga ni wale ambao tayari wana nidhamu, na anayepanga mikeka Jumamosi hatokei.

Kuna kipimo kingine ambacho husahaulika: wakati. Kwa kuwa elimu hii hufifia, ifike karibu na siku ya kuitumia. Mkopo wa kausha damu na kubeti ni vya kidato cha tatu, kabla ya mbio za mtihani. Fomu za Bodi ya Mikopo na lile kato la asilimia 15 ni za kidato cha sita, muhula wa mwisho. Kitambulisho cha NIDA, laini ya simu ya jina lako na mkopo wa kwanza wa simu vinakuja ukifikisha miaka 18, miezi michache baada ya kutoka getini. Kufundisha habari za dhamana ya nyumba kidato cha kwanza ni kupoteza chaki.

Kwa hiyo, shule ya kata ya kutwa, walimu pungufu, wanafunzi mia nane: anza na njia ya pili. Mtaje mwalimu mmoja kwa jina, awe wa Hisabati au wa Biashara, na umpe kazi ya kuandika maswali kumi na mawili ya pesa kwa mwaka, matatu kwa kila kidato, yakiingizwa kwenye mazoezi na majaribio ya ndani. Hayo tu. Klabu isubiri mpaka apatikane mlezi anayetaka mwenyewe. Wa kulazimishwa ataiua ndani ya muhula mmoja.

Shule ya mjini yenye walimu wa kutosha wa Biashara inaweza kuongeza klabu mwaka wa pili, na mgeni mmoja kwa mwaka mwenye barua ya mada mkononi. Shule ya kidato cha tano na sita ifanye semina ya mchana mmoja kuhusu Bodi ya Mikopo na mkataba wa kwanza wa kazi, wazazi wakaribishwe, na iwe kwa Kiswahili.

Shule ya bweni ina bahati ambayo wengi hawaioni. Pesa za matumizi za wanafunzi tayari zinakaa kwa matroni au mhasibu, zimeandikwa kwenye daftari, na kila Ijumaa kuna foleni ya kuzichukua. Kila mwanafunzi apewe ukurasa wake aujaze mwenyewe: tarehe, alichochukua, kilichobaki, sahihi yake na ya matroni. Asiyejua salio lake siku ya foleni arudi nyuma akalihesabu kwanza.